Maswali ya Wasomaji: Mwenzangu Kazini ni Kiziwi, Nianzie Wapi?

Barua kadhaa zilizotufikia hivi karibuni zinagusa jambo moja: namna mfanyakazi anayesikia anavyoweza kujifunza lugha ya alama kwa kiasi cha kumwezesha kufanya kazi na mwenzake ambaye ni Kiziwi. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa imebeba maswali ambayo wengi wenu mmeyauliza.

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha ushonaji mjini Morogoro. Tumeajiri mafundi cherehani wawili ambao ni Viziwi. Kazi yao ni safi na hawachelewi, lakini wakati wa chai hukaa peke yao, na ninapotaka kuwaelekeza jambo huishia kuonyesha kwa kidole na kutabasamu. Nilipakua video kwenye simu nikajifunza alama kadhaa, lakini nilipowaonyesha walitazamana, kisha wakatikisa vichwa. Je, lugha ya alama si moja duniani kote? Na mtu mzima mwenye shughuli kama mimi aanzie wapi?

Jibu: Lugha ya alama si moja, Ndugu Msimamizi, na kuna uwezekano mkubwa kwamba video ulizopakua zilikuwa za Lugha ya Alama ya Marekani, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye intaneti. Mafundi wako wanatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, na wenzao wa Kenya wanayo Lugha ya Ishara ya Kenya. Hata Waingereza na Wamarekani, ambao wanaosikia miongoni mwao huzungumza Kiingereza na kuelewana, wana lugha za alama mbili tofauti kabisa, kiasi kwamba Kiziwi wa Uingereza huandika herufi hewani kwa mikono miwili na yule wa Marekani kwa mkono mmoja.

Ndani ya Tanzania penyewe kuna tofauti ambazo ni vyema uzijue mapema ili zisikuvunje moyo. Shule ya kwanza ya Viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Baadaye zilikuja nyingine. Kwa muda mrefu walimu wengi walisisitiza matamshi na usomaji wa midomo, wakati wanafunzi walikuwa wakijenga alama zao wenyewe mabwenini na viwanjani, kila shule kwa namna yake. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimefanya kazi kubwa ya kukusanya na kusanifisha alama hizo, lakini bado aliyesoma Tabora anaweza kuwa na alama ambazo aliyesoma Buguruni hazitumii. Kwa hiyo waulize mafundi wako walisoma wapi, na ikiwa wao wawili wanatofautiana katika alama fulani, jifunze zote mbili bila kutaka kuamua ipi ndiyo sahihi. Wasomaji wetu wa Kigoma na maeneo ya mpakani watakutana na tofauti kubwa zaidi, kwa kuwa katika Burundi na Kongo lugha za alama zimeathiriwa sana na ile ya Marekani kupitia shule zilizoanzishwa na Andrew Foster, Mmarekani Mweusi aliyekuwa Kiziwi, ambaye alianza kazi hiyo Ghana mwaka 1957.

Inafaa pia uianze safari hii ukiwa na heshima inayostahili kwa kitu unachojifunza. Kwa miongo mingi wasomi waliichukulia lugha ya alama kuwa ni ishara za mikono tu za kusaidia kupita, na mkutano wa walimu uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba Viziwi wafundishwe kwa sauti, uamuzi ulioumiza vizazi vya watoto katika nchi nyingi. Ni mwaka 1960 ndipo William Stokoe, mwalimu katika chuo cha Gallaudet, Washington, alipochapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba kila alama imejengwa kwa sehemu zake: umbo la kiganja, mahali alama inapofanyikia, na mwendo wa mkono. Ukibadilisha sehemu moja tu, maana hubadilika, kama vile badiliko la sauti moja linavyotenganisha *pata* na *bata*. Ndiyo maana alama ambayo wewe uliiona ni sawasawa na ile ya kwenye video inaweza kumfikia mwenzako ikiwa ni neno jingine au si neno kabisa.

Sasa tuje kiwandani. Kabla ya alama yoyote, jifunze kuyapata macho ya mwenzako. Mguse begani kwa wepesi, au punga mkono ndani ya upeo wa macho yake, au gonga meza anayofanyia kazi ili mtikisiko umfikie. Kukanyaga sakafu hufaa kwenye mbao, lakini sakafu ya saruji haipitishi kitu. Usimrushie kitu na usimvute. Simama mahali ambapo mwanga unakuangazia usoni, si ukiwa umeupa mgongo dirisha, kwa maana hapo utaonekana kivuli tu. Subiri asimamishe cherehani na anyanyue macho, kwani mtu aliyekazia macho sindano inayokimbia hawezi kukutazama na kushona kwa wakati mmoja, na kumlazimisha kufanya hivyo ni kumhatarishia vidole.

Baada ya hapo anza na salamu, na usiishie kupunga mkono. Hakuna mtu wa hapa kwetu anayeridhika kupitwa asubuhi kwa kupungiwa mkono wakati wenzake wote wanaulizwa wameamkaje, nyumbani hawajambo, na mtoto aliyekuwa mgonjwa anaendeleaje. Jifunze kuuliza hayo yote kwa alama, kisha jifunze kuelewa majibu, jambo ambalo ni gumu zaidi na ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Ukishindwa kuelewa, mwombe arudie polepole. Kuitikia kwa kichwa jambo usilolielewa ndiko kunakozaa makosa kazini na kutoaminiana.

Kwa maneno ya kazi yenyewe, mafundi wako ndio walimu wako. Kaa nao na vitu halisi mezani: uzi, sindano, mkasi, kitambaa, overloki, pasi. Ongeza mambo mnayoambiana kila siku: oda imebadilika, rudia mshono huu, umeme umekatika, mashine imeharibika, hatari, nisaidie, zamu ya usiku, mshahara umeingia. Kwa baadhi ya vifaa huenda kusiwe na alama inayojulikana kote nchini, na hapo waachie wao watunge inayofaa, kwa maana wanaijua sarufi ya lugha yao na wewe bado unajifunza kushika vidole. Herufi za vidole zifahamu mapema, kwani zinakusaidia katika majina ya watu, mahali na wateja, lakini usizigeuze kuwa njia ya kuandika kila neno la Kiswahili hewani. Kuhusu jina lako la alama, usijichagulie. Kwa desturi Viziwi wenyewe humpa mtu jina baada ya kumzoea, mara nyingi kutokana na sura yake, tabia au jambo analolifanya.

Ninakusihi jambo moja zaidi, nalo ndilo ninalolijali kuliko yote katika barua yako. Usijifunze peke yako. Ikiwa msimamizi ndiye pekee anayejua alama, mafundi hawa watapata maagizo na hawatapata maongezi. Habari zote zitawafikia kupitia kwako, zikiwa zimefupishwa, na wakati wa chai wataendelea kukaa peke yao. Omba uongozi utenge nusu saa kila wiki, ndani ya saa za kazi, ambapo mafundi hao wawili watawafundisha wote walio katika mstari wao wa uzalishaji, na walipwe kwa ufundishaji huo kama wanavyolipwa kwa ushonaji, kwa sababu ni kazi. Ofisi ya CHAVITA katika mkoa inaweza kuwasaidia kumpata mwalimu Kiziwi ikiwa mafundi wenyewe hawapendi kufundisha, maana si kila anayejua lugha anataka kuwa mwalimu wake. Wakati huo huo waambie wafanyakazi waache kuwaita mabubu. Wao hujiita Viziwi, nalo ndilo jina lililo katika chama chao.

Swali: Assalaam aleikum, Mshauri. Mimi ni mpishi katika hoteli moja huku Mombasa. Mwokaji wetu wa mikate ni Kiziwi, naye amesoma na simu anayo. Meneja anasema hakuna haja ya kujisumbua na lugha ya ishara, kwamba tumwandikie tu, na kwamba tukisema polepole atasoma midomo. Lakini mara mbili ameelewa kinyume cha tulichoandika, na sasa watu wanasema hana akili. Nami naona haki haitendeki. Nini rai yako?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Unavyoona ni sawa.

Watoto wengi Viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua lugha ya ishara, na hivyo wengi hukutana na lugha wanayoweza kuipokea kikamilifu pale tu wanapofika shuleni. Kiswahili cha kuandika kwao ni lugha ya pili, ambayo wamejifunza bila kuisikia hata siku moja. Wapo wanaoiandika vizuri kuliko mimi. Wapo pia wanaoona ugumu hasa kwenye vitenzi vyetu, ambavyo hubeba mambo mengi ndani ya neno moja: katika *hatukumletea* mna ukanushi, wakati uliopita, sisi tuliotenda na yeye tuliyemtendea, vyote vikiwa vimeshikana, wakati lugha ya ishara hueleza mahusiano kama hayo kwa kuelekeza mkono kutoka mahali hadi mahali na kwa kutumia uso. Mwandikie mtu huyo karatasi yenye maneno "usipoambiwa usizime oveni" na umemtega, kwani ukanushi umekaa mara mbili ndani ya maneno mawili. Mwandikie "Oveni iendelee kuwaka. Nitakuja kukuambia saa ya kuzima," na hakuna atakayepotea, hata yule anayesikia.

Kwa hiyo andikianeni panapofaa: idadi ya mikate, saa, vipimo vya unga, jina la mteja, orodha ya vitu vilivyokwisha stoo. Mkahawa wa Neema Crafts mjini Iringa, ambao wahudumu wake ni Viziwi, umezoea wateja waandike wanachotaka kwenye karatasi, na utaratibu huo hufanya kazi vyema kwa kuwa kuagiza chakula ni jambo fupi lenye maneno yanayojulikana. Kujadili ratiba ya kazi wakati wa Ramadhani, kueleza kwa nini unga wa jana haukuumuka, au kusuluhisha ugomvi wa jikoni si jambo la vikaratasi. Mazungumzo ya namna hiyo yanahitaji lugha ambayo mwenzako yumo ndani yake kwa raha.

Kuhusu midomo, mwombe meneja asimame mbele ya kioo aseme bila sauti *baba*, *mama*, *papa*. Ataona midomo yake ikifanya jambo lile lile mara tatu. Kisha aseme *koma* na *goma*, ambayo tofauti yake iko nyuma kabisa ya mdomo, mahali pasipoonekana. Kiziwi anayesoma midomo hujazia mapengo hayo kwa kubahatisha kutokana na muktadha, kazi inayochosha sana, na hubahatisha vibaya zaidi pale msemaji anapotafuna, anapofunika mdomo, anapogeuka kutazama jiko, au anapopiga kelele, kwa maana kelele huupinda mdomo bila kuongeza chochote kwa asiyesikia.

Na ikiwa meneja anadhani kwamba lugha hii ni fadhila ya watu wenye huruma, mkumbushe kwa adabu kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka serikali kukuza na kuendeleza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, na kwamba Ibara ya 120 inaiweka kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha inayokubalika Bungeni haiwezi kuwa ndogo mno kwa jiko la hoteli.

Swali: Mshauri, nimejifunza alama nyingi kwa msaada wa mwenzangu wa ofisini hapa Arusha, lakini nikimwuliza swali mara nyingi hudhani ninampa taarifa. Nakosea wapi?

Jibu: Tatizo linaweza kuwa usoni. Katika lugha nyingi za alama swali la ndiyo au hapana huonyeshwa kwa kunyanyua nyusi na kusogeza kichwa mbele kidogo, na maswali ya nani, wapi au kwa nini huambatana na nyusi zilizokunjwa. Uso ukiwa mtulivu, alama zile zile huwa ni maelezo. Wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kuchezesha uso mbele ya watu ni kukosa staha, na hivyo mikono yetu huongea huku uso umefungwa. Mwombe mwenzako akurekebishe uso kama anavyokurekebisha vidole. Kuhusu mpangilio wa alama una bahati kama Mswahili, kwa maana neno la kuuliza mara nyingi huja mwishoni, kama tunavyosema sisi wenyewe "jina lako nani?" na "unakwenda wapi?"

Swali: Mimi ni afisa utumishi katika taasisi yenye wafanyakazi zaidi ya mia moja jijini Dodoma. Tunao watumishi Viziwi, na mmoja wa makatibu wetu amejifunza alama vizuri kiasi. Tumekuwa tukimtumia kutafsiri katika vikao, na sasa kuna shauri la nidhamu linalomhusu mtumishi mmoja Kiziwi. Je, tuendelee kumtumia katibu huyu, au sheria inatutaka tufanye vinginevyo?

Jibu: Msimtumie katika shauri hilo. Nasema hivyo bila kupunguza sifa za katibu wenu, ambaye amefanya jambo jema na anapaswa kuendelea kuzungumza na wenzake kila siku. Lakini kujua kusalimiana, kupanga kazi na kutaniana ni umbali mrefu kutoka kujua kufikisha, bila kupunguza wala kuongeza, tuhuma, utetezi na masharti ya adhabu ambayo yanaweza kumwondoa mtu kazini. Zaidi ya hayo, yeye ni mtumishi mwenzao: anamjua mlalamikaji, yuko chini ya mkuu yule yule, na kesho atakaa meza moja na mtuhumiwa. Mtu hawezi kujitetea kwa uhuru kupitia mdomo wa jirani yake. Hali kadhalika kwa kusaini mkataba, kueleza bima na mafao, mafunzo ya usalama na mambo ya afya: tafuteni mkalimani wa lugha ya alama aliyesomea kazi hiyo na anayefungwa na maadili ya kutunza siri, na kabla ya kumchukua mwulizeni mtumishi mwenyewe kama anaelewana naye na anamwamini.

Kuhusu sheria, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unazitambua lugha za alama kuwa ni lugha na unataka marekebisho yanayofaa yafanywe mahali pa kazi. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu wenye sifa si chini ya asilimia 3 ya waajiriwa wake. Taasisi nyingi huihesabu asilimia hiyo na kuishia hapo. Mtu aliyeajiriwa kisha akakaa kwenye kikao cha saa mbili bila kuelewa neno hata moja amehesabiwa, lakini hajashirikishwa.

Mkishampata mkalimani, mpeni ajenda na nyaraka mapema ili asikutane na vifupisho vya ofisi yenu kwa mara ya kwanza ndani ya kikao. Kikao kikiwa kirefu waiteni wawili, maana kazi hii huchosha akili upesi na kwa kawaida wakalimani hupokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Mkalimani akae karibu na msemaji, mkabala na Kiziwi, pasipo dirisha lenye mwanga mkali nyuma yake. Mtazameni na mzungumze na mtumishi mwenyewe: mwulizeni "je, umeelewa?" na wala msimwambie mkalimani "mwulize kama ameelewa." Mwenyekiti ahakikishe anasema mtu mmoja kwa wakati mmoja, na anapouliza kama kuna maoni asubiri kidogo, kwa sababu swali humfikia Kiziwi likiwa limechelewa kwa sentensi moja, na mara nyingi nafasi huwa imekwisha kuchukuliwa na wengine kabla hajanyoosha mkono.

Katika barua yenu hamkuuliza kuhusu tahadhari ya moto, lakini jengo lenye watumishi Viziwi na king'ora peke yake halijakamilika. Wekeni taa zinazomweka pamoja na king'ora, zikiwemo vyooni na katika vyumba vya stoo ambako mtu huweza kuwa peke yake, na mfanye zoezi la kutoka nje ya jengo mkalimani akiwepo, ili kila mtumishi aelewe njia yake na mahali pa kukusanyika.